Kamera Iliyoshusha Bei

Mwaka 2000 Canon ilipotoa EOS D30, kamera ya lenzi za kubadilisha isiyotumia filamu, bei yake ilikaribia dola 3,000. Mpenda picha asiye tajiri aliishia kuitazama dirishani. Mwaka 2003 ikaja EOS 300D, yenye nukta milioni 6.3, kwa dola 899 bila lenzi. Mabingwa wakaicheka: ati ya plastiki! Na wacheke. Mwenye filamu ya picha 36 hulipia kila kosa. Huyu huliona papo hapo, akalifuta, akapiga tena bila gharama. Hivyo ndivyo mwanagenzi awavyo fundi.

Lawama tunayo moja. Baadhi ya uwezo wa ile 10D iliyouzwa ghali zaidi ulifungiwa ndani ya 300D, hata wajuzi wakaufungua wenyewe kwa kubadilisha programu yake.