Gunia Lililofungwa Kamba

Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, maana tunataka kuzungumza habari za mbwa na paka. Tunajua wengine mtasema, "Watoto wenyewe hawajashiba, itakuwa mbwa?" Nasi tulisema hivyo hivyo, mpaka siku tuliyosikia habari ya mwenzetu mmoja hapa Sikonge.

Mbwa wao jike alizaa watoto saba chini ya ghala la mahindi. Ulikuwa uzazi wake wa tatu. Mara ya kwanza majirani walichukua watoto wote. Mara ya pili walichukuliwa wawili tu. Safari hii hakupatikana aliyetaka hata mmoja. Mwenzetu akamwita kijana anayemsaidia kazi, akampa gunia, akamwambia, "Wapeleke mbali." Hakusema wapi, wala kijana hakuuliza.

Kesho yake mwanawe wa miaka minane alirudi kutoka shuleni amekumbatia mtoto wa mbwa. "Mama, nimewakuta kwenye gunia kando ya barabara ya Ipole. Limefungwa kamba. Wengine wamekufa. Nani amefanya hivi?" Mkononi mwa mtoto palikuwa na alama ya meno, ikitoka damu kidogo.

Mwenzetu alipotusimulia katika mkutano wetu wa wanawake, hakuna aliyecheka. Kila mmoja wetu alikumbuka gunia lake. Kwa wengine walikuwa watoto wa paka, na hatutaki kuandika hapa walikotupwa. Hatukuwa watu wakatili. Tulikuwa tumechoka, na hatukujua njia nyingine. Lakini kitabu cha Mithali kinatufundisha kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake, nasi watoto wetu wanatutazama.

Njia nyingine ipo. Ni kumfunga kizazi mnyama jike na kumhasi dume. Wafugaji wa ng'ombe wanajua kuhasi tangu zamani, ila hatukufikiri kwamba jambo hilo linamhusu mbwa wa mlangoni na paka wa jikoni. Tuangalie hesabu yenyewe. Mbwa jike huingia kwenye joto kama mara mbili kwa mwaka, na mimba yake huchukua miezi miwili tu. Paka naye mimba yake ni miezi miwili, anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi mitano au hata chini ya hapo, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Hakuna nyumba inayoweza kulisha uzazi wa namna hiyo.

Wenzetu mahali pengine wameanza zamani. Nairobi, chama cha KSPCA kimekuwapo tangu mwaka 1910. Hapa nchini, shirika la Mbwa wa Africa karibu na Arusha, na lile la ZAASO kule Unguja, yamekuwa yakifunga kizazi mbwa na paka na kuwachanja, yakisaidiwa na watu wa kujitolea.

Msiogope neno "kujitolea" mkadhani mtapewa kisu. Kupasua ni kazi ya daktari wa mifugo peke yake. Lakini siku ya kliniki daktari mmoja hawezi kufanya kila kitu. Lazima awepo wa kuandika katika daftari jina la mwenye mnyama, wa kupima uzito ili dawa ya usingizi isizidi, wa kunyoa manyoya tumboni, wa kuchemsha vyombo. Tena lazima awepo wa kukaa na mnyama baada ya kushonwa: kumlaza ubavu juu ya mkeka kivulini, kumfunika asipate baridi, kutazama anavyopumua mpaka aamke. Akina mama, nani aliyezoea kukesha na mgonjwa kuliko sisi?

Nyumbani pia kuna wajibu. Mnyama mzima huletwa hajala tangu usiku, ili asitapike akiwa usingizini. Akirudi afungiwe mahali pasafi na pakavu, asioge, asikimbie, wala asirambe mshono, kwa muda wa siku kumi hivi. Mshono ukivimba au ukitoa usaha, arudishwe kwa daktari mara moja.

Akina baba nao wana maswali yao, na tuwajibu kwa upole. Je, mbwa hatalegea, akashindwa kulinda? La. Mbwa hulinda nyumba yake kwa sababu ni kwake, si kwa sababu anazaa. Tena dume aliyehasiwa hana haja ya kuzurura usiku akitafuta majike na kupigana. Na paka aliyefungwa kizazi bado hukamata panya ghalani kama kawaida.

Sasa turudi kwenye mkono wa yule mtoto, kwa maana hapa ndipo penye uzito. Mwenzetu aliuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, hakupaka majivu wala dawa ya mizizi, kisha akampeleka hospitalini siku ile ile akapate sindano. Alifanya vyema. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, na kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Hawa ndio wetu, wanaochota maji na kwenda shule kwa miguu.

Kuua mbwa ovyo hakuuondoi ugonjwa, maana nafasi yao huchukuliwa na wengine wasiochanjwa. Kinachouondoa ni kuchanja walau mbwa 70 katika kila 100, mwaka hata mwaka. Kisiwani Pemba walichanja kuanzia mwaka 2010, kichaa kikatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 kikaingia tena, wakachanja upya, na kufika mwaka 2018 kikawa kimekwisha. Ikiwa kisiwa kilichozungukwa na bahari kiliweza kuingiliwa, sisi je, tulio kwenye njia ya Tabora na Mbeya, katika nchi iliyopitiwa na misafara tangu enzi za babu zetu? Ndiyo maana kufunga kizazi na kuchanja ni ndugu. Mbwa wakiwa wachache wenye wenyewe, kuwachanja wote kunawezekana. Wakizaliwa kila siku vichakani, chanjo haiwafikii.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila mmoja wetu ahesabu wanyama wa nyumba yake, majike na madume. Pili, kikundi kichague akina mama wawili waende kwa bwana mifugo wa wilaya, waulize daktari wa kupasua atapatikana lini na gharama ni kiasi gani. Tatu, tuchangishane kama tunavyochangia arusi na misiba. Nne, kila mbwa mwenye miezi mitatu na zaidi achanjwe. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tusiiache ipite.

Mtajiuliza mwenzetu alimjibu nini mwanawe. Usiku ule alimketisha akamwambia, "Ni mimi." Mtoto alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Hutafanya tena?" Akamjibu, "Sitafanya tena." Mtoto wa mbwa yupo, amechanjwa, na mama yake ndiye wa kwanza katika orodha ya kikundi chetu.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.