Baridi ya Minneapolis Haingojewi Mlangoni

Minneapolis, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, uko karibu na nyuzi 45 kaskazini mwa ikweta, katikati ya bara, mbali na bahari. Kaskazini yake hakuna mlima wa kuizuia hewa kavu ya baridi inayoshuka kutoka Kanada, wala kusini hakuna wa kuizuia hewa ya joto na unyevu inayopanda kutoka Ghuba ya Meksiko. Kuanzia Oktoba hadi Aprili hewa hizo mbili hupambana juu ya nyanda za jimbo hilo, na mshindi hubadilika kwa saa chache. Ndiyo maana majira ya baridi ya huko ni marefu na hayana ratiba.

Ukali wake haubishaniwi. Tarehe 30 Januari 2019 joto lilishuka hadi nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Lakini siku kama hiyo haimdanganyi mtu: shule hufungwa, redio hutangaza tangu jana yake, na kila mwenye akili hubaki ndani. Siku ya kuogopwa zaidi ni ile inayopambazuka na jua, hewa ikiwa laini, mtu akatoka na sweta moja. Mkazi wa mji huo, hasa aliyehamia kutoka nchi za joto, yampasa ajiandae kwa kufuata kalenda, wala si kwa kuchungulia dirishani.

Somo hilo lilinunuliwa kwa roho za watu. Tarehe 11 Novemba 1940, sikukuu ya kukumbuka mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, asubuhi ilikuwa na joto lisilo la msimu. Wawindaji wa bata walikwenda kwa wingi kwenye visiwa na vinamasi vya mto Mississippi, wengi wakiwa wamevaa nguo nyepesi. Hewa ilipoanza kuchafuka, bata walipita kwa makundi makubwa wakiikimbia dhoruba, na wawindaji wakaufurahia wingi huo badala ya kuuona kuwa onyo. Kisha mvua iligeuka theluji, upepo ukavuma kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, mawimbi yakazuia boti kurudi, na nguo zilizolowa zikawagandia watu mwilini. Minnesota peke yake ilipoteza watu 49, karibu nusu yao wakiwa wawindaji. Siku hizo utabiri wa eneo zima ulitolewa na ofisi ya Chicago, ambayo usiku haikuwa na watu kazini. Baada ya msiba huo kazi ya utabiri ikawa ya saa 24, na ofisi zaidi zikapewa mamlaka ya kutabiri hali ya hewa ya maeneo yao. Serikali ilijifunza, haifai raia abaki nyuma yake.

Miaka iliyofuata haikuleta utulivu. Dhoruba iliyoanza tarehe 31 Oktoba 1991, watoto wakiwa bado barabarani wakiomba peremende za Halloween, iliuangushia mji sentimita 72 za theluji kwa siku nne. Katikati ya Aprili 2018, wakati watu wengi walikwisha weka makoti kabatini, zikaanguka sentimita 40. Msimu wa 2022 hadi 2023 ulileta theluji ya zaidi ya mita mbili. Uliofuata haukufikisha hata mita moja, na Krismasi ikanyesha mvua. Mtu angedhani msimu laini ni wa salama, kumbe sivyo. Mwishoni mwa Desemba 2023, katika ziwa la Upper Red kaskazini mwa jimbo, pande la barafu lilimeguka likiwa na wavuvi zaidi ya 100, wakaokolewa kwa boti. Idara ya maliasili ya jimbo hushauri kwamba barafu safi iwe na unene usiopungua sentimita 10 ndipo mtu aikanyage kwa miguu. Unene hupimwa kwa kutoboa, tena mara kwa mara mtu anavyosonga mbele, kwani ziwa haligandi sawasawa pote. Asiyeweza kupima asiingie, hata kama wengine wameingia.

Katika mavazi, kosa la kwanza la wageni ni kununua koti nene na kuvaa fulana ya pamba ndani yake. Kinachomhifadhi mtu ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo, si uzito wa koti. Pamba ikilowa jasho hukaa na unyevu na kuunyonya mwili joto. Sufu huendelea kutia joto hata ikiwa na unyevunyevu. Basi ya ndani iwe ya sufu au ya nyuzi za kiwandani, ya kati iwe nene na yenye kunasa hewa, ya nje izuie upepo. Buti zisibane: soksi mbili ndani ya buti finyu huzuia damu, na vidole vikaganda upesi kuliko kwa soksi moja. Glavu zinazoweka vidole vinne pamoja hushinda zile za kutenganisha kila kidole.

Ngozi iliyo wazi, katika baridi ya nyuzi 26 chini ya sifuri yenye upepo, huweza kuganda ndani ya nusu saa. Hapa pana jambo ambalo wazazi wa Kiafrika wanapaswa kulishika. Maelekezo mengi husema sehemu iliyoganda huwa nyeupe; kwenye ngozi nyeusi weupe huo huenda usionekane, bali ngozi hupauka kama jivu, ikawa ngumu yenye kung'aa kama nta, na mtoto akasema hasikii kitu. Isisuguliwe, wala isisogezwe kwenye moto, kwa sababu iliyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Huingizwa katika maji ya uvuguvugu, na mgonjwa akapelekwa hospitali.

Ndani ya nyumba adui ni mwingine. Nyumba za kaskazini hujengwa ili hewa isipenye, na jiko la mkaa ambalo Mombasa au Kigoma hukaa uani bila madhara, humo huua. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Desemba 2006, dhoruba ya upepo ilipokata umeme katika eneo la Seattle, familia za wahamiaji zilileta mkaa ndani ili zipate joto. Watu wakafa, na gazeti la mji likachapisha onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa. Sheria ya Minnesota inataka kila nyumba iwe na king'ora cha gesi hiyo umbali usiozidi mita tatu kutoka chumba cha kulala. King'ora kisichokuwa na betri ni pambo tu. Gari nalo lisiwashwe likiwa ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi, na bomba la moshi lifukuliwe theluji kabla ya kutia ufunguo.

Umaskini usiwe sababu ya mtu kulala kwenye baridi, maana ulinzi upo. Mwenye nyumba wa Minneapolis analazimika kuweka joto la nyuzi 20 kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili. Katika miezi hiyo hiyo sheria ya jimbo humkinga mteja aliyeshindwa kulipa asikatiwe huduma ya kupasha nyumba joto, mradi awasiliane na kampuni na wakubaliane namna ya kulipa kidogo kidogo. Sharti hilo ndilo lenye uzito. Anayeificha bili chini ya godoro kwa aibu hupoteza haki yake. Anayepiga simu kwa lugha yoyote aliyonayo, akiomba mkalimani, huipata.

Mitaani, theluji nyingi ikianguka, mji hutangaza dharura ya siku tatu ili matrekta yafagie. Usiku wa kwanza, kuanzia saa tatu hadi saa mbili asubuhi, magari hayaegeshwi upande wowote wa barabara kuu zilizowekewa alama. Siku ya pili, kuanzia saa mbili asubuhi, mitaa mingine huachwa wazi upande wa nyumba zenye namba shufwa, na siku ya tatu upande wa namba witiri. Gari lililosahauliwa huvutwa, na kulikomboa ni ghali. Njia ya miguu mbele ya nyumba ni jukumu la mwenye nyumba, naye ana saa 24 tangu theluji ikome. Chumvi huyeyusha barafu vizuri mpaka karibu nyuzi 9 chini ya sifuri. Zaidi ya hapo mchanga ndio unaosaidia. Jirani mzee asiyeweza kushika beleshi afagiliwe bila kuombwa.

Limebaki giza. Mwishoni mwa Desemba mchana wa Minneapolis hauzidi saa tisa, na jua huwa chini mno kuwezesha ngozi kutengeneza vitamini D. Mwenye ngozi nyeusi hupungukiwa zaidi, hivyo yafaa apimwe na daktari. Huzuni ya msimu nayo ni ugonjwa. Norman Rosenthal, daktari mzaliwa wa Johannesburg aliyehamia New York na kuiona hali hiyo ndani yake mwenyewe, aliieleza pamoja na wenzake mwaka 1984. Hutibiwa kwa taa yenye mwanga wa luksi 10,000, nusu saa kila asubuhi, na kwa kutoka nje mchana. Wakenya wa kitongoji cha Brooklyn Park na Wasomali wa mtaa wa Cedar-Riverside wana misikiti, makanisa na vyama vya kuwakutanisha. Mikutano hiyo isiahirishwe hadi hewa ipate joto, kwa sababu Januari ndiyo inapohitajika.

Vifaa navyo visirudishwe stoo mapema. Blanketi, beleshi na mchanga vikae ndani ya gari hadi mwisho wa Aprili, na miche ya nyanya isipandwe nje kabla ya katikati ya Mei.