Kabla ya kulipa ada, ingia kwanza jikoni

Mzazi wa Masasi anayetafuta shule huuliza mambo matatu: ada ni kiasi gani, watoto wanafaulu vipi, na kama kuna bweni. Mwenye mtoto mwenye mzio wa chakula ana swali la nne, na hilo ndilo linalopaswa kutangulia: shuleni hapo wanapika nini, na nani anapika?

Huku Kusini swali hilo lina uzito wa pekee. Masasi na Newala ni nchi ya korosho, na karanga nazo hazikosekani; ipo hata mbegu ya karanga iliyotolewa mwaka 2009 ikapewa jina la Masasi. Kisamvu huungwa kwa karanga, na nje ya geti la shule mtoto hukutana na kashata na korosho za kukaanga. Kinachowashibisha wenzake kinaweza kumziba yeye pumzi.

Kwanza, mzazi ajue anapambana na nini. Mafuta ya ganda la korosho humuunguza ngozi mbanguaji yeyote. Huo si mzio wa chakula. Mzio wa chakula hujionyesha baada ya kula, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa mbili: midomo kuvimba, mabaka ya kuwasha, kutapika, kukohoa, sauti kukauka, kifua kubana, mwili kulegea. Tena korosho na karanga si ndugu. Karanga ni jamii ya maharage, korosho ni ya mwembe. Mtoto anaweza kudhuriwa na kimojawapo au vyote viwili, na kujaribu nyumbani ni hatari. Daktari, iwe Mkomaindo au Ndanda, ndiye wa kusikiliza historia ya mtoto na kuandika barua ambayo shule itaitunza.

Ukiwa na barua hiyo, ingia jikoni. Makande na ugali kwa maharage vinaweza kuonekana salama, lakini uliza kuhusu uji. Unga wa lishe mara nyingi huchanganywa na karanga, na ukishasagwa macho hayaoni kitu. Pale ambapo wazazi huchangia chakula, unga unaweza kutoka nyumba nyingi, au kupita kwenye mashine iliyotoka kusaga karanga. Uliza pia kama mwiko uliokoroga mboga ya karanga ndio unaopakua maharage. Kukaanga au kuchemsha sana hakuondoi mzio.

Kutoka jikoni, nenda kwa mwalimu mkuu. Akicheka na kusema mtoto atazoea, au kwamba hayo ni madeko ya watoto wa siku hizi, aga kwa heshima uondoke, hata kama shule yake inaongoza wilaya nzima. Akiuliza, "Ikitokea, tumfanyie nini?", kaa uzungumze naye. Mwombe jambo moja mapema: mtoto huyu asilazimishwe kumaliza sahani. Wapo watoto wanaokataa chakula kwa sababu ulimi umeanza kuwasha, na mtu mzima akadhani ni kiburi. Watoto wetu pia wamefundishwa kugawana, na anayekataa huonekana ana maringo. Mwalimu akiwaeleza darasa zima, mzigo huo unamshuka mtoto.

Linalobaki ni dakika. Mzio mkali ukianza, dawa inayookoa ni sindano ya adrenalini kwenye paja. Vidonge vya mzio hupunguza kuwasha, lakini havifungui koo linaloziba. Kwa hiyo pima umbali kutoka shuleni hadi zahanati, kisha ingia uulize kama sindano hiyo ipo. Uliza nani atampeleka mtoto, kwa chombo gani, na kama namba ya bodaboda inajulikana. Mtoto akipata nafuu asirudishwe darasani mara moja, maana dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Abaki chini ya uangalizi.

Hapo ndipo uamuzi wa bweni unapokuwa mgumu. Familia inaweza kuwa imedunduliza fedha za misimu miwili ya korosho ili mtoto asome shule yenye jina. Lakini mtoto wa miaka 6 au 7 hawezi kumwamsha matroni usiku wa manane na kumweleza kinachomsibu kooni. Kwa umri huo, shule ya kutwa isiyo na sifa kubwa, iliyo karibu na nyumbani na zahanati, anakokwenda na kontena lake la chakula, ni bora kuliko bweni la mbali. Bweni lisubiri mpaka aweze kukataa chakula bila aibu, kuuliza kilichomo, na kusema mapema kwamba anaumwa. Fedha hizo hazijapotea.

Shule ikishapatikana, kazi haijaisha. Picha ya mtoto na majina ya vyakula asivyokula vibandikwe ukutani jikoni, kwa Kiswahili chepesi. Mpishi aambiwe ana kwa ana, maana barua mara nyingi huishia ofisini. Kila muhula mzazi arudi tena, kwa kuwa wapishi hubadilika. Na korosho zinapoanza kuvunwa, wenzake wakija darasani na mifuko iliyojaa, mwalimu akumbushwe upya.