Nauli Iitwe Nauli

Toleo hili limezaliwa na ubishi. Tangu baraza la mawaziri la Uganda lilipokubali, Julai 2022, kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, barua nyingi zinazonifikia zinadai jambo lilelile: Waganda wamekiharibu Kiingereza, wasije wakakiharibu na Kiswahili. Shahidi anayeitwa kila mara ni Kikuubo, kichochoro cha wafanyabiashara mjini Kampala, na kosa linalotajwa kuliko yote ni kitenzi facilitate. Nalipinga shitaka hilo kwa moyo wote.

Anayekijua kichochoro kile kati ya Luwum Street na Nakivubo Road anajua kwamba Kiingereza pale ni lugha ya karatasi. Bei hutajwa kwa Kiganda. Mnunuzi wa Juba, Beni au Bunia hujibiwa kwa Kiswahili. Kiingereza kiko kwenye ankara, kwenye risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, na kwenye barua za mamlaka, kwa hiyo kitenzi chake rasmi kinapofika kaunta hubeba heshima ya ofisi. Anayekuomba um-facilitate anataka fedha. Huenda ni nauli ya kijana unayemtuma na mzigo hadi kituo cha mabasi. Huenda ni chakula cha mchana cha mtu uliyemwita mkutanoni. Huenda pia ni noti ya kumfanya karani aikumbuke faili yako leo. Maana mbili za kwanza ni haki ya mtu, ya tatu ni jinai, na zote zinakaa ndani ya kitenzi kimoja bila kugombana.

Wanaotukumbusha kwamba asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya rahisi wanasema kweli, ila waisome pia sheria ya Marekani ya 1977 dhidi ya kuwahonga maofisa wa nchi za nje. Tangu marekebisho ya 1988, sheria hiyo inaacha wazi mlango kwa malipo ya kuharakisha kazi ya kawaida ya ofisa, kama vile kutoa kibali, na jina inaloyapa malipo hayo limetokana na facilitate hiihii. Sheria ya Uingereza ya 2010 haikuacha mlango huo: huko malipo yaleyale ni hongo. Wenye lugha wenyewe hawajaafikiana kuhusu fedha iliyomo ndani ya kitenzi chao, halafu lawama anatwishwa mwenye duka la sabuni Kampala! Bernard Sabiti alifanya jambo jema mwaka 2014 alipoyakusanya maneno ya Uglish, yaani Kiingereza cha Uganda, katika kamusi, kwa sababu maana ambayo watu wanaiishi kila siku inastahili kuandikwa, hata ile inayotuudhi.

Ugomvi wangu mimi ni na watafsiri wetu. Kila wakikutana na facilitate wanaandika wezesha, kisha wanaendelea na safari. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani ulioanza kutumika Februari 2017 unahusu kupunguza makaratasi na ucheleweshaji mipakani. Kuuita wa uwezeshaji wa biashara ni kumfanya mfanyabiashara ambaye kontena lake limepita Mombasa na Malaba aulize ni shilingi ngapi. Ana haki ya kuuliza hivyo. Dar es Salaam nako, mtu akikwambia niwezeshe, mkono unakwenda mfukoni. Andikeni kurahisisha. Na pale penye fedha, Kiswahili hakina njaa ya maneno: nauli, posho, bahashishi, chai, kitu kidogo, mlungula, hongo. Posho pekee itahitaji uangalifu, maana Kampala ni ugali.

Tanzania imekwisha kuona neno laini linavyofanya kazi. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kuiruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na hadi 2006 ndipo Mahakama Kuu ilipovibatilisha vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba. Makala ndefu kuliko zote humu inaifuatilia kesi hiyo, nami naiona ndiyo nguzo ya toleo. Someni pia uchambuzi mfupi wa extend, ambayo katika teksi za Kampala ni amri ya kusogea, pamoja na ripoti kuhusu Kiswahili cha wanunuzi wa Ituri, Kongo.

Mchangiaji mmoja anaitetea wezesha kwa nguvu, na nimeichapa makala yake bila kuikata neno. Mfano wake ni tangazo la mkutano linaloahidi kwamba washiriki watawezeshwa. Kwangu mimi tangazo hilo limeficha jambo. Kama washiriki watarudishiwa nauli, liseme nauli. Kama hawatarudishiwa, mtu anayetoka Mukono alfajiri ana haki ya kujua kabla hajapanda teksi.