Hatunywi Pombe, Lakini Ini Je?



Ndugu wasomaji, iko kauli tunayoisikia sana hapa Kicukiro: "Sisi hatunywi pombe, maini yetu salama." Kuepuka pombe ni amri na faida yake kubwa, alhamdulillah. Lakini homa ya ini B na C huambukizwa kwa damu, na B humpata pia mtoto kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa. Tena mafuta hujaa kwenye ini la mwenye kisukari au kitambi ambaye hajaonja pombe maishani. Soda na sambusa za futari nazo zimo (tusikasirishane). Na ini halilalamiki mapema. Macho yakishakuwa ya manjano, mara nyingi tumechelewa.

Ndiyo maana tunafuatilia kwa hamu habari za mashine ndogo za sumaku. MRI ya kawaida hula umeme mwingi, sumaku yake hupozwa kwa heliamu, na hukaa hospitali kubwa. Hizi ndogo hutumia sumaku za kudumu. Maji na mafuta mwilini huitikia mawimbi ya redio kwa namna tofauti, hivyo daktari hukadiria mafuta ya ini bila kumchoma mgonjwa sindano ya kutoa kinyofu.

Tusidhani ni mambo ya Ulaya tu. Mwaka 2022 mashine ya namna hiyo, ya kupiga picha za ubongo wa watoto wenye vichwa maji, ilifika Mbarara, Uganda, ikiwa vipande vipande kutoka Uholanzi. Ikaunganishwa pale pale chuo kikuu kwa siku 11.

Maoni yetu ni kwamba zije, lakini zifike kwenye vituo vya afya, na vijana wetu wajifunze kuzitengeneza. Masaka, wilaya hii hii, taasisi ya IRCAD ya kufundisha upasuaji ilifunguliwa mwaka 2023. Kwa nini ufundi wa vifaa nao usifundishwe jirani? Mashine isiyo na fundi huishia kufunikwa kitambaa.

Hata hivyo sumaku haioni virusi. Hivyo huonekana kwa kupima damu, nako hakungoji mashine mpya. Desemba 2018 Rwanda ilitangaza mpango wa kutokomeza homa ya ini C, na vidonge vyake huponya watu zaidi ya 95 katika kila 100. Chanjo ya B kwa watoto wachanga iliingia nchini mwaka 2002. Basi wewe uliyezaliwa kabla ya hapo, pamoja na baba, mama na bibi nyumbani, ulizeni kuhusu vipimo hivyo kwenye kituo cha afya wiki hii, in shaa Allah.