Leso Imekosa Nini?

Kabla hujafunua kurasa za vichekesho, hebu nipe dakika chache. Nina dukuduku lililonikaa rohoni tangu kikao cha chama chetu cha muhula uliopita, na wahenga walisema mficha uchi hazai.

Siku hiyo tulijadili vazi la wakariri wetu wa mashairi kwa Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Wengi waliinua mikono kuunga mkono kente, vile vitambaa virefu vya kutupia shingoni, vya rangi ya dhahabu, kijani na nyekundu. Mimi nilipotaja leso, darasa zima liliangua kicheko. Mmoja akauliza, "Kwani tunaenda kuchota maji?" Mwingine akasema ati leso ni ya mama mboga. Nikaketi kimya, lakini kukubali sikukubali.

Sina ugomvi na kente. Ni nguo ya heshima ya Waasante wa Ghana (Asante hii si ile ya kushukuru, jamani). Mafundi wa Bonwire, karibu na mji wa Kumasi, huifuma mikanda myembamba kwa mkono, kisha mikanda hiyo hushonwa pamoja hadi ikawa shuka kubwa. Zamani walizifumua hariri zilizoletwa na wafanyabiashara ili wapate nyuzi za kufumia. Kila mtindo una jina lake. Upo uitwao Adweneasa, yaani fundi ametia kila ujuzi alio nao hadi mawazo yakamwishia. Dhahabu ni utajiri na ufalme, kijani ni mimea na uhai. Mwaka wa 2024 UNESCO iliutia ufundi huo katika orodha ya urithi wa binadamu, na ilistahili.

Lakini ile tuliyotaka kununua je? Nilikwenda Gikomba nikaigeuza. Upande wa nyuma ulikuwa umefifia, karibu mweupe. Ilichapishwa kiwandani, haikufumwa. Kente ya kufumwa rangi zake huonekana pande zote mbili. Nikamuuliza muuzaji mtindo huo unaitwaje. Akanitazama juu hadi chini: "Ni kente, kijana. Unanunua ama hununui?"

Basi tutasimama mbele ya wageni tumevaa jina tusilolijua.

Leso, kwa upande wake, jina lake limeandikwa waziwazi, tena kwa Kiswahili! Ina pindo kuzunguka kingo zote, ina mji katikati, na chini ya mji pana jina, ndiyo yale maneno. Neno leso lenyewe ni la Kireno. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi kabla havijakatwa, wakaviunga sita sita kupata nguo moja. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara Mombasa mwaka wa 1887, na hadi leo leso za nyumba yake hutambulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla". Majina ya kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Haya, sasa nikiri kosa langu. Mimi, katibu msaidizi wa chama cha Kiswahili, nilivunja ujirani kwa leso.

Tunaishi Kaloleni, na kamba ya kuanikia nguo tunashiriki na majirani. Mama alikuwa amekosana kidogo na jirani wa mlango wa tatu kwa sababu ya zamu ya maji, jambo la kuisha kwa chai. Jumamosi moja nikaanika leso mpya ya mama, aliyoinunua kwa kupenda rangi yake ya machungwa. Nikaitandaza vizuri, jina likaelekea mlango wa yule jirani: HASIDI HANA SABABU. Sikulisoma. Mama naye alikuwa hajalisoma.

Jirani yetu ni mzaliwa wa Mombasa. Kwake leso haisemi ovyo. Aliisoma, akaingia ndani, akafunga mlango. Yeye ndiye aliyekuwa akimtunza ndugu yangu mdogo mchana mama akiwa sokoni. Kwa miezi saba hakutusalimu, na kwa miezi saba nilitoka shuleni mbio kwenda kulea mtoto, masomo ya jioni yakinipita. Anayetaka kujua kwa nini alama zangu za hisabati zilianguka, jibu ndilo hilo.

Tulikuja kuambiwa chanzo kwenye matanga, akina mama walipokuwa wakipika pamoja. Mama alishika kichwa. Wiki iliyofuata tulienda dukani, na safari hii nilisoma kila leso hadi mwenye duka akachoka nami. Tulichukua WEMA HAUOZI. Mama aliipeleka kwa mikono miwili. Jirani aliifungua, akasoma, akacheka hadi machozi, kisha akauliza, "Na hii je, mwanangu, umeisoma?"

Sasa kuna wanaosema kwamba leso nyingi huchapishwa India, kwa hivyo nayo si yetu. Ni kweli huchapishwa huko. Hata hariri ya Waasante ilitoka ng'ambo, nao wakaifanya yao. Kitambaa kinaweza kutoka popote, lakini maneno yale ni ya mtu aliyejua nani atamsomea nani. Na ninyi wavulana wenzangu mnaoona haya, mmesahau mlibebwa mgongoni kwa kitu gani? Anayeogopa kujifunga leso avae kikoi, nacho hufumwa. Bei pia tuiangalie: leso huuzwa mbili mbili, kwa hivyo doti moja huvisha wakariri wawili.

Wasichana wetu walipocheka siku ile, naamini hawakucheka leso. Walimcheka mama anayeivaa, na wengi wetu hapa karo zetu zimetoka kwenye fundo la pindo lake.

Mwalimu mlezi amekubali tupige kura upya Alhamisi, baada ya michezo. Naomba kila mwanachama aje na leso moja ya nyumbani kwao, aisome kwa sauti, aseme mama yake alipewa na nani au aliinunua kwa nini. Mimi nitakuja na ile ya machungwa.