India iliipa kila lugha kubwa jimbo lake, dini bado inaisumbua

Noti ya rupia ya India ina thamani yake kwa lugha 17. Kihindi na Kiingereza vipo upande wa mbele, na nyingine 15 zimepangwa kwenye kisanduku upande wa nyuma. Si mapambo. Kwa mujibu wa sensa ya 2011, Kihindi ni lugha ya kwanza ya asilimia 43.6 ya wananchi, na hakuna lugha nyingine inayokikaribia. Kwa hiyo hakuna kundi la lugha lenye nusu ya nchi.

Wafanyabiashara wetu wanaoagiza dawa, vitambaa na pikipiki kutoka huko huiona India kama soko moja. Usoko mmoja huo ni wa juzi tu, na umejengwa juu ya makubaliano ya lugha yaliyopatikana kwa shida.

Katiba iliyoanza kutumika Januari 26, 1950 ilikifanya Kihindi lugha rasmi ya serikali kuu na kukipa Kiingereza miaka 15 tu. Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru hakutaka kugawa majimbo kwa lugha. Nchi ilikuwa imetoka kukatwa mwaka 1947 ilipozaliwa Pakistan, akaogopa kuipasua tena. Mwaka 1952 Potti Sriramulu aligoma kula akidai jimbo la wasemaji wa Kitelugu, akafa Desemba baada ya siku zaidi ya 50. Ghasia zikazuka, na Oktoba 1953 jimbo la Andhra likaundwa. Sheria ya 1956 ikachora upya karibu ramani nzima kwa kufuata lugha, na mwaka 1960 Bombay ikagawanywa kuwa Maharashtra na Gujarat, jimbo ambako zilitoka familia nyingi za wenye maduka wa Kihindi wa Afrika Mashariki.

Miaka 15 ya Kiingereza ilipokwisha mwaka 1965, Madras, ambayo leo ni Tamil Nadu, iliwaka. Watu walikufa, wengine kwa kujichoma moto. Serikali kuu ikarudi nyuma: marekebisho ya sheria ya 1967 yalisema Kiingereza kitaendelea kutumika mpaka majimbo yasiyotumia Kihindi yenyewe yatakaporidhia kiondoke. Chama cha DMK, ambacho awali kilidai nchi ya kusini iliyojitenga, kilikuwa kimeacha dai hilo mwaka 1963, na mwaka 1967 kikashinda uchaguzi wa jimbo.

Alichokiogopa Nehru hakikutokea. Hakuna jimbo lililoundwa kwa lugha lililojitoa India. Mtu akishapata ofisi na shule zinazozungumza lugha yake, sababu za kuondoka hupungua. Ugomvi haukwisha, lakini umebadilika sura: Machi 2025 serikali ya Tamil Nadu iliondoa alama ya rupia kwenye nembo ya bajeti yake ikaweka herufi ya Kitamil. Zilikuwa kelele za nembo, hazikuwa za mpaka.

Biashara ilichelewa zaidi. Hadi 2017 kila jimbo lilikuwa na kodi zake za mauzo, na malori yalipanga foleni kwenye vizuizi vya mipaka ya majimbo ndani ya nchi moja. Hali hiyo haihitaji maelezo kwa aliyelala Malaba au Rusumo. Julai 1, 2017 kodi moja ya bidhaa na huduma ikaanza, na vizuizi hivyo vikaondolewa.

Kilichowezesha hilo ni hesabu ya kura. Katika baraza la kodi hiyo, serikali kuu ina theluthi moja ya uzito wa kura na majimbo kwa pamoja theluthi mbili, na uamuzi unahitaji robo tatu. Delhi inaweza kuzuia, haiwezi kuamua peke yake. Majimbo pia yaliahidiwa fidia ya mapato kwa miaka mitano. Petroli na pombe viliachwa nje kwa sababu majimbo hayakukubali kuviachia. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ina soko la pamoja tangu 2010, lakini wakuu wake huamua kwa maafikiano, hivyo nchi moja ikikataa, mambo husimama.

Dini haikupata dawa kama hiyo. Wahindu ni asilimia 79.8 na Waislamu 14.2, nao wametawanyika mitaa kwa mitaa. Huwezi kuwachorea jimbo. Hata Masingasinga wa Punjab, walipopata jimbo lao mwaka 1966, walilipata kwa jina la lugha ya Kipunjabi. Baada ya 1947, Delhi haikuwa tayari kusikia neno dini likitajwa kwenye mpaka.

Kinachobaki kumlinda mwenye dini ya wachache ni usawa wa uraia, na hapo ndipo panapovuja. Sheria ya uraia ya Desemba 2019 iliwafungulia njia wahamiaji wa dini sita kutoka Pakistan, Bangladesh na Afghanistan. Uislamu haumo. Tangu 2015 wasafirishaji wa ng'ombe, wengi wao Waislamu, wameshambuliwa barabarani na makundi yanayojiita walinzi wa ng'ombe, na baadhi wameuawa. Hapo kizuizi cha serikali kimeondoka, kikaja cha wenye fimbo.

Julai 2024 polisi wa Muzaffarnagar, katika jimbo la Uttar Pradesh, waliagiza migahawa na vibanda vilivyo njiani mwa mahujaji wa Kihindu kuandika majina ya wenyewe kwenye mabango. Nchini India jina hutaja dini, na mteja angejua pa kutokaa. Julai 22 Mahakama ya Juu ilisimamisha agizo hilo, ikasema muuzaji anaweza kutakiwa kutaja aina ya chakula, si jina lake. Mwaka uliofuata mamlaka za jimbo zilitaka migahawa ibandike alama ya kusomwa kwa simu, ambayo ndani yake mna jina la mmiliki.